Katuni ya Sista Mwenye Pengo

Karibu na Kiptere, 14 Aprili 2025

Senge mpendwa,

Chamgei? Natumaini goti lako limepoa na masista wenzako hapo Bomet wako salama. Sisi tu wazima. Mvua imefika na chai inachipuka kuishinda mikono yetu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sauti hunipotea, hata kwako, dada wa baba yangu.

Padri ameniomba katuni ya Jumapili ya Miito, ya kuwachekesha vijana ili wafikirie upadri na usista. Nimemchora sista akichuma chai, shela yake imenaswa na kichaka, naye anasema: "Mavuno ni mengi, na mimi nimekwama! Njoo tusaidiane." Ni wewe huyo. Usikasirike.

Agosti nitakuja kwenu kwa ile wiki ya wasichana wanaotaka kuona utawa. Padri ataniandikia barua ya kunitambulisha.

Mtoto wa kaka yako,
Chelimo

Bomet, 25 Aprili

Chelimo wangu,

Chamgei. Goti bado linalalamika, nadhani ni zee kunishinda mimi. Ile picha uliyotia ndani ya barua imewachekesha masista mpaka chai ikamwagika mezani. Shela yangu ilinaswa kweli, tena siku Askofu alipotutembelea! Lakini umenipunguza kiuno. Huo ni uongo, nenda ukaungame.

Kitanda chako cha Agosti nimeshakichagua, kando ya dirisha.

Senge wako,
Sista Rebeccah

Karibu na Kiptere, 13 Mei

Senge,

U mzima? Mimi mwili ni mzima, lakini chakula hakishuki. Nasikia kinyaa.

Vinny, mwenyekiti wa vijana, ndiye aliyepewa kazi ya kuchapisha katuni. Alifuta maneno yangu akaandika: UMEKOSA BWANA? YESU HAKATAI MAJANI MAGUMU. Yaani kama yale ambayo karani wa kituo cha kupimia majani ya chai huyakataa na kuyatupa chini. Kisha akamtia sista pengo la mbele, na kila mtu akajua ni Bilhah, jirani yetu, yule ambaye watu wa mchumba wake walivunja uchumba wakaja kuwachukua tena ng'ombe wao wa mahari. Jina langu aliliacha pale pembeni.

Imebandikwa mlangoni pa kanisa na kituoni. Bilhah alitoka kabla ya komunyo. Padri alicheka mpaka akafuta macho. Vinny akanipiga bega: "Aki Chelimo, ni utani tu! Si watu wanasoma?" Mkono wake ulikuwa na mafuta ya mandazi. Nilipofika nyumbani niliosha lile bega kwa sabuni ya nguo.

Kama hivyo ndivyo Mungu anavyoita watu, mimi sitaki kuitika.

Chelimo

Bomet, 20 Mei

Chelimo,

Sikuulizi hali, nimeisoma. Nilitoka uani nikatema mate. Maneno hayo niliyasikia siku niliyoondoka nyumbani, na nilikuwa nimekataa wachumba wawili. Utawa si shimo la takataka.

Lakini umeniandikia mimi niliye mbali. Bilhah yuko ng'ambo ya ua wenu, na jina analoliona ni lako. Umemwambia nini?

Senge wako

Karibu na Kiptere, 4 Juni

Senge,

Natumaini goti limetulia. Sikuwa nimemwambia kitu. Nilikwenda. Alikuwa akikamua, hakugeuka.

"Umekuja kuangalia meno?"

"Pengo ni la Vinny."

"Na jina?"

"Langu."

"Basi kaliondoe. Na usinililie hapa, utamtisha ng'ombe."

Jumatatu, foleni ya kupima majani ikiwa ndefu, niliirarua ile katuni ya kituoni. Vinny akapiga kelele: "Sista mtarajiwa! Hiyo ni mali ya kanisa!" Sauti ikanipotea kama kawaida. Nikabandika nyingine: Yesu yuko kwenye foleni na kikapu chake, na karani mwenye kofia ya Vinny anamwambia, "Wewe, haya magumu. Rudi nyumbani." Watu wakasogea kuisoma. Kisha Bilhah akacheka, pengo wazi, na wengine wakamfuata.

Sasa Padri anataka nimwombe Vinny msamaha mbele ya vijana, la sivyo haandiki ile barua ya kunitambulisha kwenu. Siwezi. Nikifikiria tu, kinyaa kinarudi. Senge, mlango wenu unafunguka bila barua yake?

Chelimo

Bomet, 12 Juni

Chelimo wangu,

Goti ni lilelile. Nimemuuliza mkubwa wetu, nikamrudia tena. Haufunguki.

Usiombe msamaha.

Nitumie huyo Yesu aliyerudishwa nyumbani. Nitambandika juu ya kitanda cha dirishani. Agosti atalala yeye hapo.

Senge wako,
Rebeccah