Mama Ananiita

Jumapili, 5 Machi 2006

Intaneti imekatika tena, gemu ikiwa katikati. Dakika ya sabini, nafungwa mbili bila, na ndiyo kwanza nimeanza kupanda na mpira. Picha ikaganda. Mchezaji wangu kabaki na mguu hewani. Kisha yale maandishi kwamba hakuna mawasiliano. Taa ya tatu ya boksi la intaneti imezimika. Dakika tatu mpaka iwake. Niliporudi uwanjani, Kaka Athumani alikuwa ameshatoka.

Nimefua sare ya kazi. Nimekula wali wa jana. Mke wangu Zuhura yuko kazini kwake, anahudumia wazee, Jumapili zote. Nyumba kimya.

Wiki ya nne mfululizo. Nimeudhika vibaya.

Jumatatu, 6 Machi

Asubuhi nimekuta ujumbe wa Kaka kwenye mashine ya gemu, kutoka Toronto. Maneno mawili.

"Mama anakuita?"

Niliandike hili, maana tangu asubuhi linanizunguka kichwani. Tulipokuwa tunacheza chandimu pale Chumbageni, Tanga, mimi nikishafungwa matatu nilikuwa nainua mkono. "Mama ananiita." Natimua mbio mpaka nyumbani. Mama hajaniita. Mama yuko jikoni, wala habari hana. Timu inabaki pungufu, mechi inavunjika, hakuna aliyeshindwa. Mtaa mzima ukanipa jina hilo. Leo nina miaka thelathini na nane, nasukuma vitanda vya wagonjwa London, na kwa kaka yangu bado ni Mama-ananiita.

Anadhani nachomoa waya nikiona nafungwa. Sichomoi. Sijawahi. Mungu shahidi.

Jumatano, 8 Machi

Bwana Bahati wa ghorofa ya chini amepanda kutusaidia. Mkongo wa Bukavu, mlinzi wa duka, mtaalamu wa kila kitu. Kaizunguka sebule mikono nyuma kama daktari wa zamu. Kasema boksi liko mbali na mashine na ukuta unanyonya mawimbi. Kailaumu maikrowevu. Kawalaumu majirani wa kushoto, halafu wa kulia. "Weka waya, ndugu yangu. Ile ya hewa haiko na nguvu." Kisha chai vikombe viwili.

Anaongea kwa uhakika sana yule bwana. Nimemwamini. Nimepita sokoni Woolwich nikachukua waya. Mita kumi, rangi ya bluu.

Alhamisi, 9 Machi

Waya umepita chini ya zulia, nyuma ya kochi, kando ya mlango. Zuhura kajikwaa mara mbili. Kauliza hivi hii ni gemu tu, au kuna jambo. Nikasema gemu tu.

Nimemdanganya. Hii ndiyo saa moja na nusu katika wiki ambayo kaka yangu anaongea na mimi. Hatusemi mengi. "Pasi." "Huyo ofusaidi." "Goli zuri hilo." Lakini sauti ni yake ileile, naisikia kwenye hedifoni kana kwamba amekaa hapa kochini. Kabla ya Januari ilikuwa miaka mitatu hatusemeshani. Gemu hii ikifa sina njia nyingine ya kumpata.

Jumapili, 12 Machi

Waya wa bluu. Maikrowevu imechomolewa kabisa. Simu ya mkononi nimeizima.

Imekatika. Dakika ya themanini, nafungwa moja bila.

Nikisema ni bahati mbaya hata mimi sijiamini tena. Kaka safari hii hakuandika kitu. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 16 Machi

Siku yangu ya mapumziko. Nimeipigia kampuni ya intaneti kwa simu ya mkononi. Muziki dakika nyingi, kisha dada mmoja mpole, Mskochi, nusu ya maneno yake nikayabahatisha. Kauliza kama boksi lina kile kichujio, kidude cheupe kinachotenganisha simu na intaneti. Nikasema ndiyo, kipo. Kauliza kama kuna simu nyingine yoyote iliyochomekwa mahali pengine ndani ya nyumba. Nikasema hapana, hakuna.

Kasema kwa upande wake laini ni safi. Kila ikikatika niandike saa. Saa kamili, siyo kukadiria.

Haya. Tutaandika.

Jumapili, 19 Machi

Saa kumi kasorobo alasiri. Nimeandika kwenye kalenda ya ukutani.

Leo Kaka alinisubiri. Mtandao uliporudi nikamkuta bado yupo, anapumua tu kwenye hedifoni. Kisha akasema:

"Omari. Kama hutaki kucheza na mimi, sema. Hizi mbio zako basi."

Nikamwambia ni intaneti, Kaka, naapa. Akauliza:

"Na msiba wa mzee nao ulikuwa intaneti?"

Akasema Jumapili ijayo tutacheza, na ikikatika tena mashine yake anampa mtu, asiwe na sababu ya kunisubiri. Kazima.

Nimekaa na pedi ya gemu mkononi mpaka Zuhura karudi. Nimemwambia kichwa kinauma.

Jumatatu, 20 Machi

Mzee alifariki mwaka 2003. Pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji. Maombi yamekataliwa, nimekata rufaa. Ningetoka nje ya nchi nisingerudi, na Zuhura yuko hapa. Hayo ndiyo nilipaswa kumwambia Kaka. Badala yake nikasema "siwezi kuja," nikakata simu.

Aibu. Yeye alikuwa amewatangazia watu kwamba mdogo wake amejipanga London. Mimi hata kipande cha karatasi sina. Niseme nini?

Akaruka peke yake. Kaburini tulipaswa kushuka watoto wa kiume wawili kumpokea mzee. Alishuka yeye na jirani. Makaratasi yangu yalikuja kutoka mwaka mmoja baadaye, na kila siku iliyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kueleza.

Ijumaa, 24 Machi

Tumepiga Tanga. Yaani tumekaa kitandani tukaizunguka ile simu ya chumbani, ambayo humu ndani haina jina jingine. "Tanga imelia." "Nani kaanika taulo juu ya Tanga?" Zuhura ndiye aliyeanza, kwa sababu simu ile haina kazi nyingine zaidi ya kuongea na Mama.

Mama mzima. Magoti tu. Kauliza kama bado nacheza mpira na kaka yangu kila Jumapili. Nikasema ndiyo, Mama. Akacheka kwa furaha, akasema vizuri sana wanangu, kadi ya simu ikaisha.

Sikumwambia kwamba huenda keshokutwa ndiyo mwisho.

Jumapili, 26 Machi

Leo saa za Uingereza zimesogezwa mbele. Zuhura kaisogeza ya ukutani kabla ya kwenda kazini.

Tumeanza saa tisa na nusu. Jicho moja kwenye mpira, jicho moja kwenye saa. Kumi kasorobo ikafika. Ikapita. Taa zote zinawaka. Nikataka kupiga kelele. Mechi ya kwanza imeisha salama, nimefungwa, nimefurahi kufungwa. Ya pili sare. Kaka kaanza kuchangamka, kanitania kwamba kipa wangu ana kitambi. Nikacheka mpaka nikaharibu pasi. Nikajua tumepona.

Mechi ya mwisho. Tatu bila, nafungwa.

Picha ikaganda.

Saa kumi na moja kasorobo.

Tatu bila. Kati ya siku zote, ikatike nikiwa nafungwa tatu. Nilipiga boksi kofi. Mtandao uliporudi Kaka hakuwepo, na jina lake limefutika kwenye orodha yangu ya marafiki wa gemu.

Nimelia. Naandika kwa sababu hakuna wa kuniona.

Jumatatu, 27 Machi

Kazi. Vitanda. Sina la kuandika.

Jumanne, 28 Machi

Zuhura kanibana. Nimemwambia yote, tangu chandimu mpaka tatu bila. Alikuwa anakatakata vitunguu. Nikamwonyesha na kalenda: wiki ile kumi kasorobo, wiki hii kumi na moja kasorobo. Nikasema ajabu ni kwamba London nzima imesogea saa moja, treni, zamu, maduka, hata maikrowevu za majirani. Hiki kitu kinachokata kimebaki palepale. Hakina habari kama saa zimebadilishwa.

Zuhura akaweka kisu chini.

"Kwetu hawabadilishi saa," kasema.

Hakuna aliyejua neno hilo linatupeleka wapi. Akaendelea na vitunguu. Lakini kasema Jumapili atabadilishana zamu na mwenzake, akae nyumbani aone mwenyewe.

Jumapili, 2 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Hakukuwa na mechi. Hakuna wa kucheza naye. Nimekaa sebuleni na kikombe cha chai, bila hedifoni, naangalia taa za boksi. Zuhura juu chumbani, maana fleti yetu ina ngazi ndani, anakunja nguo. Saa kumi na moja kasorobo, huko juu, simu ikalia.

Kriii. Mara moja tu. Ikanyamaza.

Taa ya tatu ikazimika mbele ya macho yangu.

Zuhura akatokea juu ya ngazi, foronya mkononi.

"Omari. Tanga imebipu."

Tanga. Yule dada kaniuliza kama kuna simu nyingine ndani ya nyumba, nikasema hapana, na sikuwa nasema uongo. Kichwani mwangu ile siyo simu. Ile ni Mama.

Zuhura kaenda moja kwa moja kwenye droo ya balbu na betri. Kichujio cha pili kilikuwamo, bado kwenye mfuko wake wa nailoni. Boksi lilikuja na vichujio viwili. Mimi nilidhani kimoja ni cha akiba, kumbe kila simu inataka chake, la sivyo ikilia inakata intaneti.

Tukampigia. Mama akashangaa, kwani kuna nini, mbona hakutaka tupige. Bipu moja si maana yake yuko salama? Kasema tangu Februari, Athumani alipomwambia kwamba Jumapili jioni wanawe wanakaa pamoja, akimaliza tu kuswali magharibi anashika simu. Bipu kwangu, bipu kwa Athumani. "Nawagusa tu, baba. Tuwe watatu." Magharibi ya Tanga haijui saa za Uingereza. Wiki zote hizo mimi niko chini na hedifoni masikioni, Zuhura yuko kazini, na Mama anatugusa.

Sikumwambia amefanya nini. Nimemwomba namba ya Kaka.

Miaka mitatu sijaipiga. Ikaita mara nne. Akapokea kwa Kiingereza, sauti nzito ya kazini. Nilikuwa nimepanga maelezo yote, kichujio, laini, saa. Yakapotea. Nikasema:

"Kaka. Mama alikuwa ananiita."

Akauliza:

"Unasemaje?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye bipu akanikatiza. Akasema subiri, subiri kwanza. Kumbe na yeye simu yake hulia mara moja kila Jumapili, muda uleule, mimi nikishapotea tu uwanjani. Alikuwa anajiuliza Mama anajuaje kwamba nimekimbia. Hapo akaanza kucheka. Kaka yangu akicheka huwa anakohoa. Alicheka akakohoa, na mimi nikacheka, na Zuhura kwenye ngazi kajifunika foronya usoni.

Halafu nikasema lile jingine kabla sijaogopa. Pasipoti. Rufaa. Kwamba nilitaka kuja.

Hakucheka tena.

"Ungesema, Omari."

"Ningesema, Kaka."

Basi. Hakuna zaidi ya hapo, na mimi ilinitosha. Nimekula ugali sahani mbili.

Jumatano, 5 Aprili

Kichujio kiko chumbani, kati ya Tanga na ukuta. Nimeomba Bwana Bahati atubipu kwa majaribio. Kabipu mara tano. Taa hazikutikisika. Kasema si alituambia tatizo ni waya. Nimempa chai.

Zuhura aliuliza kama si rahisi zaidi kumwambia Mama aache. Nikasema hapana. Akasema alijua nitasema hivyo.

Jina la Kaka limerudi kwenye orodha.

Jumapili, 9 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Waya wa bluu umerudi kwenye mfuko wake.

Tulianza saa kumi. Kaka kazungumza sana leo. Kasema mzee alizikwa siku ya upepo, na kwamba kaburi liko karibu na la bibi. Amesema Desemba anafikiria kwenda, na kama nitapata likizo twende pamoja tukalijengee. Nimesema nitaomba. Tulikuwa tunacheza huku tunaongea, nikawa nafungwa ovyo.

Saa kumi na moja kasorobo, huko juu, kriii. Mara moja. Mpira ukaendelea kutembea.

"Kakuita," kasema Kaka.

"Kaniita."

Punde nikasikia na simu yake ikilia mara moja. Hatukusimamisha mechi.

Nimefungwa nne moja. Nimebaki uwanjani mpaka kipenga.