Nilikana Luga Yetu Ziwani

Mama mupenzi,

Mugongo yako inaendelea aje hapo kambini Dzaleka? Sisi tuko kwa kisiwa kidogo ndani ya ziwa, mi, bwana yangu, Neema na mawifi wangu wawili wa mutaa wa Area 49. Maji iko safi kabisa. Unavaa miwani na bomba ya kupumulia, unainamisha uso, samaki za rangi ya bulu zinapita karibu na mikono.

Mama, nimefanya kitu cha haya. Baba mwenye kutuvalisha miwani alisikia vile naita Neema kwa luga yetu, akaniuliza: “Dada, we ni mutu wa Fizi?” Mawifi, wenyeji wa hapa, walikuwa wananitazama. Nikamujibu kwa Kichewa, luga ya mawifi, kwamba mi si wa huko, sijui luga hiyo.

Pale pale Neema akatoa kichwa kwa maji: “Mama, kuya uone! Hii samaki iko na mistari!”

Yule baba hakucheka. Alimukazia Neema kamba ya miwani, akamwambia polepole: “Unasema muzuri. Nani alikufundisha?”

“Nyanya yangu wa Dzaleka.”

Nikamwambia mbele ya mawifi: “Kaka, unisamehe. Ndiyo, mi ni mutu wa Fizi. Niliona haya.”

Akajibu: “Mi pia, siku ya kwanza hapa, nilisema natoka Biwi, kama mwenyeji wa muji.”

Tulicheka, lakini uso ungali unaniwaka. Kama ungekuwa pale, Mama, sijui kama nisingekukana we pia. Unisamehe. Neema anakukumbatia sana, Mungu akupe usingizi muzuri.

Binti yako,
Furaha