Leso ya Mama Ndani ya Chumba cha Hewa

Houston, Texas

Kwa dada yangu mpendwa Rehema,

Salamu zikufikie hapo Voi ukiwa umekaa kitako na kikombe cha chai, maana najua ukisoma umesimama huwa unaruka mistari. Goti la baba linaendeleaje? Na wewe, kikohozi kimekuacha? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaonisumbua, na nitakueleza kwa nini, ila usinigombeze kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka nilikuambia kwamba kazini tunakagua mtambo wa Wajapani wa kusafisha hewa, tuone kama unafaa kwenye kituo cha angani. Huko juu hakuna dirisha la kufungua. Watu wanapumua hewa ile ile, inasafishwa na kurudishwa. Basi mwezi uliopita tulifungiwa watu wanne ndani ya chumba kisichopitisha hewa, siku kumi na nne, mtambo ukitufanyia kazi. Kazi yangu ilikuwa kunusa na kuandika. Usicheke, huku hata pua ina cheo.

Niliingia na leso ya mama.

Ile uliyonigawia kutoka jozi yake ya mwisho ya kanga, siku niliyofika nikakuta matanga yameshaanuliwa. Miaka miwili nimeitunza ndani ya mfuko wa plastiki, sijaifua, naufungua kidogo tu nikizidiwa. Iliki, moshi wa kuni, mafuta ya mahamri, na jasho lake. Siku ya tatu mle ndani nilizidiwa. Hakuna harufu ya chochote, dada, hata ya mtu aliyekaa karibu nawe. Nikaitoa, nikawa najifunika nayo kila nikilala. Mhandisi mzima, nakagua mtambo wa kuondoa harufu, na jambo hilo halikunijia akilini! Siku ya tisa niliinusa nikakuta kitambaa tu.

Tulipotoka, mzee wa Kijapani aliyeusanifu mtambo alikuwa mlangoni anasubiri, mikono ameifumbata. Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa inangoja neno langu. Nakwambia kweli, nilitaka kumnyima. Halafu nikaandika nilichokiona: harufu iliyobaki, hakuna, mtambo unafaa. Mzee akainama mara mbili. Nami nikainama, nikakaa hivyo hivyo mpaka machozi yakakauka.

Jumamosi niliendesha gari hadi Grand Prairie kwa Mama Njeri, yule nesi Mkenya aliyenipokea nilipofika Marekani. Nilimsimulia yote. Aliinusa leso, akaikunja taratibu, akanirudishia.

"Si u-call dada yako," akasema. "Si yeye ako na ile ingine?"

Niliogopa kupiga simu. Ningeisikia sauti yako ikisita, nikajua. Ndiyo maana naandika.

Msalimie baba, mwambie goti alikande na aache ubishi. Msalimie shemeji, na shangazi yetu anayeuza sasa pale mama alipokuwa akiuza mahamri.

Na ile leso yako, dada. Kama hujaifua, itie kwenye mfuko leo hii, uufunge vizuri, unisubiri Desemba. Kama uliifua, usiniambie. Ifunge vivyo hivyo, unisubiri.

Mdogo wako anayekukumbuka kila siku,
Zawadi