Shangazi, Nimeanza Mimi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti, nimekaa kwenye kigoda chako hapa migombani, karibu na kaburi lako.

Nimerudi likizo. Tengeru usingeitambua. Tangu biashara iwe huria, kila kioski kina bia za makopo kutoka nje, lakini wateja wako bado wananiuliza mbege yako ya ndizi, kana kwamba nimeificha Ulaya. Hata yule mzee wa kanisa aliyekuwa anapitia mlango wa nyuma ameuliza.

Ulipenda kujua huko maabara napika nini. Kimea chako cha ulezi kina vimeng'enya, ndivyo vinavyogeuza wanga kuwa sukari mpaka pombe ikachachuka. Sisi tunatumia vimeng'enya vingine kutengeneza chakula kinachopendwa na ubongo, tukikitia mionzi kidogo. Mgonjwa anadungwa sindano, mashine inampiga picha, na uvimbe uliojificha, kwa kuwa hula chakula hicho kwa pupa, unaonekana unang'aa kuliko sehemu nyingine. Tunatumia vimeng'enya kwa sababu vina haraka, na mionzi ile hufifia kabla hata chungu cha ndizi hakijaiva.

Ulipoumwa kichwa, ukashinda umekifunga kanga, eksirei ilionyesha mifupa tu. Ukaniambia kwenye simu, "Si uniletee hiyo yako kwenye chupa ya chai?" Nikacheka. Nilipokata simu nililia sana, shangazi. Dawa hiyo ingefifia kabla hata ya kufika uwanja wa ndege.

Juzi juzi tulipika dawa mpya, akahitajika mtu mzima wa afya aijaribu kwanza. Nikakuona akilini unainua kibuyu mbele ya wageni, unakunywa, unafuta mdomo: "Aliyepika ndiye anayeanza. Mkiniona bado nimesimama, karibuni."

Nikanyoosha mkono wangu. Wenzangu wakashangaa, daktari akakubali.

Baadaye wakanionyesha ubongo wangu kwenye kioo cha kompyuta, mzima, unang'aa sawasawa kote, bila uvimbe. Wote walifurahi. Mimi niliumia. Nilitamani kiwe kichwa chako, tukione kinachokuuma kingali kidogo.

Nimekukumbuka mno. Hata matusi yako ya Kimeru nimeyakumbuka.

Mashine ile bado haijafika Arusha. Ikifika, nitarudi nyumbani kuipikia, nakuahidi. Na siku ya kwanza, kabla mama yeyote wa Elerai au Daraja Mbili hajanyoosha mkono, nitaanza mimi. Kisha nitasimama mbele yao wanione, niwaambie: karibuni.

Pumzika, shangazi.

Mtoto wa kaka yako