Masikio ya Zerwal

Jumatatu, 1 Julai
Zerwal ametembea kwenye lami hadi kisimani na kurudi. Hakuchechemea! Nikamsimamisha mferejini maji yaupoze mguu, nikaukausha, nikaufunga bandeji. Ami Bouazza kapita, kauliza kama huyu bado ni farasi au siku hizi ni punda wa kubeba maziwa — kwa nini lami, shamba laini lipo? Nimemwambia udongo laini huvuta kano, na kano ndilo lililoumia. Kacheka. Baba ndiye mkuu wa kikosi cha wapanda farasi wa baruti, hukaa katikati ya mstari. Farasi mwingine hana.

Alhamisi, 18 Julai
Leo mchakamchaka, kidogo tu. Mguu umebaki wa baridi. Baba kauliza tena: musemu, sikukuu ya Septemba, je? Mbio mstari mmoja, bunduki zote mlio mmoja — anauota. Nikasema mguu ndio utakaotujibu.
"Mguu hauna mdomo, Itto."
Lakini ameanza kung'arisha tandiko.

Jumapili, 28 Julai
Harusi kijiji cha pili. Baruti! Zerwal kadhani yuko mstarini. Karukaruka zizini, anaugonga mlango kwa kifua. Nilipomfikia ameloa jasho, mguu wa moto.
Mazoezi yangu yote ya mguu. Masikio nimeyasahau! Kano litaponaje, ikiwa kila mlio unamsahaulisha maumivu?

Ijumaa, 2 Agosti
Uvimbe umeshuka. Nimemwambia Baba: Zerwal ajifunze kusikia baruti huku anakula shayiri. Mlio wa mbali kwanza, kisha wa karibu.
"Farasi anayesikia baruti akaendelea kutafuna, mstarini nimpeleke akanywe chai?"
Najua. Ule moto ukizimika, sijui kama utawaka tena. Usipozimika, kano litakatika. Nimemwambia hivyo hivyo. Kaondoka, supu yake ya harira haijaguswa.

Jumanne, 6 Agosti
Sikumwita Baba. Nimemkuta ng'ambo ya mizeituni na bunduki yake. Kapaza sauti: "Shika ndoo ya shayiri, binti yangu!"
Mlio wa kwanza — Zerwal kavuta kamba, anatetemeka. Wa pili, kichwa juu. Wa tatu, masikio tu. Kisha karudi kwenye shayiri. Anatafuna.
Baba kaona. Kapangusa uso kwa kilemba, kaenda nyumbani. Nikajua basi, amekata tamaa.
Naandika nimeegemea zizi. Anarudi! Ana baruti zaidi. Ameipita mizeituni, amesimama karibu kuliko nilivyomwomba. Anashindilia bunduki. Ananitazama mimi, si farasi, anangoja niinue ndoo —