Siafu wa Golini

Rahel weee, uko wapi? Masele ametuaibisha redioni!

Mtangazaji kasema timu ya chuo chetu inashinda kwa ndumba, eti kipa wetu Salu anamwaga jivu golini. Ndumba! Mtangazaji mwenyewe kwao Mwanhuzi, na timu ya huko tumeifunga juzi, kwa hiyo Masele akanusa njama. Si ndiye mwenyekiti wa mashabiki wetu? Akapiga simu hewani, kantini nzima tunasikiliza, Salu naye yumo.

"Jivu ni la kufukuzia siafu! Salu mwenyewe kaniambia, golini kwake kuna siafu!"

Mtangazaji akacheka taratibu. "Sawa, kaka. Na kipindi cha pili mkibadilishana magoli, siafu nao wanahama?"

Siafu wanahama, Rahel!

Masele simu bado ipo sikioni. Akamgeukia Salu polepole. Salu anakoroga chai, na sukari hajatia.

Masele akakata simu. Unamwona kabisa anataka kuuliza, anaogopa kujibiwa. Na Jumamosi ni nusu fainali.

Mwishowe akamsogelea, akamnong'oneza: "Ngosha, ndugu yangu, jivu la Jumamosi lipo?"