Kisu Ulichonipa

Tudor, Mombasa
29 Agosti 1997

Kwa kaka yangu mpendwa Ngala,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Kilifi, pamoja na Mama, shemeji Sidi na watoto. Miguu ya Mama yaendeleaje? Sisi huku hatujambo kiafya, alhamdulillahi, ingawa tangu ghasia za Likoni za kuwafukuza watu wa bara zianze hatulali usingizi wa kushiba.

Uliniuliza katika barua yako kama kile kisu cha kukunja bado ninacho, na kama natembea nacho kila siku. Nitakujibu, ila usome mpaka mwisho.

Nilikuwa natembea nacho. Pale ghalani Mji wa Kale hakuna saa nisiyokihitaji: kukata nyuzi za magunia, kukwangua lakiri ya mihuri, kumenya chungwa mchana. Na mtaani wamenifanya mchinjaji wao. Awino, yule jirani yetu Mjaluo ambaye ua wake unapakana na wetu, hachinji kuku ila aniite mimi, kwa sababu kila apikapo kuku humletea mke wangu Mejumaa sahani. Ameanza hivyo tangu wahamie, wala hakuombwa na mtu.

Jumanne alfajiri, nikitoka msikitini, aliniita kwa sauti ya chini. Nilipoingia uani nikaelewa kwa nini ananong'ona. Dada yake na watoto walikuwa wamekimbia kutoka Likoni usiku wa kuamkia siku hiyo, nao wamejificha chumbani. Nicanor, mume wa Awino, yuko safarini na gari la moshi. Nikamchinja kuku haraka, nikakipangusa kisu kwa gazeti, nikaenda zangu kazini bila kumwamsha Mejumaa.

Karibu na ghala, polisi walikuwa wameziba kichochoro pande zote mbili, wakitupapasa mmoja mmoja. Walipokikunjua kisu changu, damu ilikuwa bado imeganda penye kikunjio. Kaka, wakanikamata hapo hapo.

Kituoni sajenti alinieleza, wala hakunifokea, kwamba sheria haimkatazi mtu kuwa na kisu. Inachotaka ni sababu. Ukikutwa nacho njiani na huna sababu, basi ni silaha, hata kiwe kidogo kama kidole, na siku hizi mwenye silaha haendi nyumbani. Nikamwambia damu ni ya kuku. Akauliza kuku wa nani.

Benchi lilijaa watu, na nyuso nyingine za mtaani kwetu nilizijua. Ningemtaja Awino, wangejua mlango gani una watu wa bara. Nikasema kuku ni wangu. Basi wakatuma askari nyumbani kumuuliza Mejumaa, naye maskini, hana habari ya lolote, akawajibu, "Kuku? Hatujala kuku tangu Maulidi."

Askari waliporudi na maneno hayo, sajenti aliacha kuandika akanitazama. Hapo niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nilikuwa mwongo mwenye kisu cha damu, na bado sikumtaja Awino.

Adhuhuri ilipokaribia, wakaingia wanawake wawili wa mabuibui. Mmoja alikuwa Mejumaa, macho yamemvimba. Wa pili ni mrefu, buibui limemwishia juu ya vifundo. Akajifunua uso mbele ya benchi zima, na ni Awino. Alimsikia mke wangu akilia, akaazima buibui lake la pili, akaja kwa miguu toka Tudor. Akaweka mezani sahani ya kuku wa moto, na kando yake kichwa cha kuku ndani ya gazeti.

Sajenti alimuuliza Mkristo anamtafutia nini Mwislamu wa kumchinjia. Akamjibu, "Afande, kuku wangu huliwa na nyumba mbili. Siwezi kula jirani yangu ananusa tu."

Sajenti akakikunja kisu, akanirudishia, akaniambia nikiache kazini kinakofanya kazi. Halafu, tukiwa mlangoni, akauliza nani alinipa. Nikasema ni kaka yangu, alinipa kinisaidie. Awino alikuwa anasikia.

Sikumwambia maneno yako, Ngala. Sikumwambia kwamba ulikikandamiza kiganjani mwangu ukasema, "Hiki si cha machungwa, Tsofa. Siku watu wa bara wakitolewa, usikutwe mikono mitupu." Nilikaa kimya siku ile kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Leo sikai kimya.

Kisu sitembei nacho tena. Kinaning'inia ghalani kwenye msumari. Na kwa kuwa Awino alijifunua mbele ya watu kwa ajili yangu, nyumbani kwake hapakaliki tena. Yeye, dada yake na watoto wanalala kwetu, katika chumba unacholala wewe ukija. Ukija peke yako, karibu, tutakutandikia ukumbini. Ukija na wale wenzako, mtanikuta mlangoni, na mikono yangu itakuwa mitupu.

Nisalimie Mama, umwambie asihofu. Msalimie shemeji Sidi na watoto. Mejumaa anakusalimu. Awino naye anakusalimu sana, anasema ahsante kwa kisu.

Mdogo wako,
Tsofa